Dinamo Iliyonuka Pondu

Ile dimanche, siku ya Mungu, asubui nilikuta bwana-harusi wangu amekaa chini, dinamo ya moto, ile pikipiki yake, vipande vipande ku sinia yangu ya kuchambulia muchele. Hasira ikanipanda mara moja.

— Célestin! Leo?

— Leo njo leo, Hélène.

Bwana-harusi, niseme vizuri, alikuwa bado. Mimi niko mujane, yeye bibi yake alikufa, bajukuu bananiita koko, na mutaa wote wa Makiso ulijua tunapendana, juu mapenzi ni kikohozi, haifichike. Ilibakia tu yaya wangu Jephté, kaka yangu mukubwa, ngambo ya fleuve, ule muto mukubwa, ku Lubunga. Kwetu mwanamuke hata akizeeka haolewe bila yaya yake kusema ndiyo. Na Célestin, ule kichwa nguvu, aliapa kama atafika kwa bokilo, shemeji yake, juu ya moto yake ya wakati wa Babelgiji, hapana juu ya baiskeli ya toleka ya kulipia. Dimanche iliyopita moto ilituzimikia mu barabara, tukaisukuma mpaka nyumbani, na yaya akangojea na kuku yake mu chungu. Akatuma neno: «Ahadi ni deni. Mukikosa tena dimanche inayokuja, huyo mwanaume asinibishie mulango.»

Shida ilikuwa dinamo. Haikutoa courant, ni kusema umeme, moto ikakula batri mpaka ikaisha. Nikainamia sinia, nikanusa. Nikanusa tena: harufu ya majani ya muhogo ku chungu.

— Célestin, juu ya nini dinamo inanuka pondu?

Akaangalia miguu yake.

— Roulement, ile beringi ya kuzungukia, ilikuwa kavu. Grisi ilikosekana. Bon, nikatia mawese kidogo, ile ya kupikia pondu.

— Kidogo! Eeh Mungu wangu!

Mawese ilipata moto, ikatiririka mpaka ku ile shaba ba charbon, vile vipande vya kaboni, inasugua, ikajikaanga pale vizuri. Ilibakia tu kutia chumvi. Nilitaka kumutukana, naapa, lakini kicheko ikanishinda.

Alors, nikafunga kitenge kwa nguvu. Tuliosha shaba na essence, petroli ya moto, na mimi nikatoa uchafu mu kila mufereji na sindano yangu ya kushona. Ba charbon ilikuwa imekwisha, basi tukapasua ba pile, batri ndogo za torche, tukatoa kile kijiti cheusi cha ndani, Célestin akakichonga na kisu, akakisugua ku sima ya sakafu mpaka kikaingia fasi yake. Grisi ya kweli na batri yenye kujaa nilienda kuomba kwa jirani Fadhili. Wakati wa kufunga, ressort moja, ile springi ndogo, iliruka. Tukaitafuta chini ya kitanda sisi wawili, magoti inalia, vichwa ikagongana, na hakuna mutu aliyesema pole juu ya kucheka.

Mbele ya kurudisha dinamo ku moto, unaipa courant ya batri. Kama imepona, inazunguka yenyewe. Célestin akaiweka ku meza, akashika waya, akaniangalia kwanza. Nilijua juu ya nini: dinamo ikikatala leo, ananikosa mimi. Na mimi namukosa. Nikafumba macho.

Vrrrr! Dinamo ikazunguka, ikakimbia ku meza sawa kuku imeona kisu, nikaidaka mu kitenge. Nikapiga kelele, yeye akapiga kelele, akanishika kiuno tukacheza rumba katikati ya nyumba, bazee bazima!

Tukarudisha dinamo fasi yake, moto ikawaka, taa ikawaka muchana kweupe. Ku beach, fasi ya kuvukia muto, Célestin akapiga klaxon, honi ya moto, juu ya kujionyesha, na ile klaxon, juu ilinyamaza miaka mingi, ikakwama. Piiiiii! Tukaingia nayo mu bac, ile kivuko. Batu banaziba masikio, banacheka, mama moja wa kwaya akaanza kuimba juu yake. Fleuve muzima tulivuka hivyo, piiiiii!

Yaya Jephté alisimama ku rive, ukingo wa Lubunga, mikono ku kiuno, uso wa hakimu. Célestin akashuka, akavua kofia, akasahau maneno yote aliyotayarisha. Nilitaka kumusaidia, nikashindwa. Kicheko ilikuwa imenikaba, machozi inatoka, nimeshika kiti ya moto juu nisianguke.

Yaya akaniangalia sana. Akashusha mikono.

— Huyu mutoto hakucheka tangu tulizika bwana yake, akamuambia Célestin. Muchukue.

Célestin hakusikia, juu ya klaxon.

— Unasema nini, yaya?

— Muchukue! Nasema umuchukue!

Na beach yote ya Lubunga ikapiga vigelegele.