Wimbo wa Kukamulia

Wakoli alikuwa na imani moja tu iliyomshikilia tangu aachishwe kazi na kurudi kwake Bumula: ng'ombe wa Cherono, mama aliyemwajiri, hawatakubali mashine za kukamulia. Watazuia maziwa, watapiga teke vyuma vile, na simu italia kumwita arudi.

Usimcheke. Alikuwa amekamua kwa mkono katika shamba hilo, nje kidogo ya Kitale, tangu bintiye Ivy akinyonya hadi Ivy naye akapata wa kunyonyesha. Wala hakuwa akikamua tu, alikuwa akiimba. Wimbo ulikuwa wake mwenyewe, nusu Kibukusu nusu mluzi, na ndani yake alimtaja kila ng'ombe kwa jina. Sifa akisikia jina lake, aliachia maziwa. Malkia vilevile. Debora, mwenye kiburi kuliko wote, hakumruhusu mtu mwingine yeyote amguse.

Siku moja Cherono mwenyewe, mwenye shamba, alikuja bandani na simu mkononi akamwomba aimbe kutoka mwanzo, taratibu. Wakoli alivua kofia, akasimama wima kama yuko mbele ya kanisa. Jioni alimpigia mkewe kumwambia madam ameupenda wimbo wake.

Kisha mashine zikaja. Cherono hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Wakoli zaidi, maana hakupata wa kumchukia. Alimweleza kwa upole kwamba mashamba makubwa yote yamebadilika, kwamba wanunuzi hawataki tena maziwa yaliyoguswa na mkono, na kwamba mwendesha mashine sharti awe na cheti. Akamlipa haki yake yote, akamwongezea blanketi. Wakoli alizunguka mashamba mengine na kwenye kila lango aliulizwa cheti. Kazi aliyoijua haikuwa imehama ili aifuate. Ilikuwa imekwisha, naye bado alikuwa na nguvu zake.

Bumula alipokewa kama mgeni wa heshima, na upweke ulianzia hapo hapo. Nakhungu, mkewe, alikuwa amezoea mume wa Krismasi. Alikuwa na kibanda chake cha nguo sokoni, kwaya yake, na kikundi chake cha akina mama. Jioni ya kwanza alisonga ugali wa mtu mmoja kwa mazoea, akajicheka, akabandika tena maji. Kesho yake akasahau tena, na safari hii hawakucheka.

Kila alfajiri Wakoli aliamka vidole vikijikunja vyenyewe. Aliketi uani peke yake akingoja kuche. Kuimba hakuweza. Amwimbie nani, kuku?

"Baba Ivy, si ukuje tuuze wote sokoni?" Nakhungu alimwambia. "Hapa utakaa ukiangalia nini?"

"Na nikipigiwa simu?"

"Na nani?"

"Madam. Debora hawezi kukubali chuma, Mama Ivy. Mimi namjua."

Nakhungu alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimuuma kuliko tusi. Simu haikulia. Hatimaye Wakoli aliosha gambuti zake za mpira, akazitia kwenye mfuko na kwenda Kitale mwenyewe kuomba arudishwe.

Alifika wakati wa kukamua alasiri. Kipkemei, kijana mwenye cheti, alikuwa mlangoni mwa banda akifuta mikono.

"Mzee Wakoli! Umepotea bana!"

"Niko. Debora anaendeleaje?"

"Debora? Ako sawa kabisa. Saa hii anatoa hata kuliko zamani."

Wakoli hakuamini. Alikuwa karibu kumwambia kijana aache uongo, ndipo aliposikia mtu akiimba ndani. Damu ilimchemka. Kumbe wameajiri mwingine, tena mwizi, maana wimbo ulikuwa ule ule, Sifa akitajwa kwanza, kisha Malkia! Alimpita Kipkemei akaingia.

Bandani hapakuwa na mtu. Ng'ombe walikuwa wamejipanga, mipira ya mashine ikiwa imening'inia kwenye chuchu zao, na juu ya nguzo kulikuwa na spika ndogo nyeusi.

"Ukweli ni kwamba mwanzoni walikataa," Kipkemei alisema nyuma yake. "Hata tukawawekea redio, wakakataa pia. Lakini hiyo rekodi yako ikilia, wanaachilia yote. Madam alifikiria mbali, si ndio?"

Basi alikuwa amesema kweli. Ng'ombe hawakuweza bila yeye. Alishika ukingo wa hori.

"Debora," aliita.

Debora aligeuka. Alimtazama kwa macho yake makubwa, na kwa kitambo Wakoli alijiona yuko nyumbani kuliko alivyowahi kuwa Bumula. Kisha spika ikataja jina lake, naye akarudisha kichwa upande wa nguzo na maziwa yakatiririka kwenye mpira.

"Kwani ulikuwa umekuja kufanya nini, mzee?" Kipkemei aliuliza.

"Nilikuwa napita tu."

Wimbo ukafika mwisho. Kikasikika kikohozi kidogo, halafu sauti ya mtu aliyevua kofia: "Nimeimba vizuri, madam? Ama nirudie?"

Kipkemei alikuwa ameinama akifungua bomba, na wimbo ukaanza tena.