Adui wa Mwalimu Sylus

Mwaka wa 1994, mwalimu mkuu wetu pale Voi, Mwalimu Sylus, alitufundisha katika somo la sayansi kwamba msuguano ni adui wa maendeleo. Niliinua mkono.

"Mwalimu, bila msuguano mtu atatembeaje?"

"Nasiha, nyinyi wa mtaa wa Kaloleni mnajua kuliko kitabu?"

Kwa adhabu aliniamuru nisugue sakafu ya darasa kwa nta ya mishumaa na mafuta taa, mpaka auone uso wake humo. Nikasugua. Mvivu si mimi.

Asubuhi iliyofuata aliingia kwa mwendo wa gwaride, viatu vipya vya soli ya ngozi miguuni. Alipotaka kusimama, soli hazikupata pa kushika, na mwili ukaendelea na safari hadi chini ya dawati la mwenzetu Mable. Darasa zima likacheka.

Saa nne alinisimamisha mbele ya shule nzima.

"Omba radhi, la sivyo jina lako halitapelekwa kwenye mtihani wa darasa la nane."

"Mwalimu, nta uliitaka wewe. Ulimfukuza adui yako, ukaanguka kwa kumkosa. Jina lipelekwe, lisipelekwe, radhi siombi."