Kichwa cha Nangila Hakijakauka

Jumatatu asubuhi, kwenye stoo moja ya mahindi mjini Kitale, mzee Wekoye alipiga foleni na mjukuu wake Nangila, aliyekuja kuomba kazi ya kusimamia stoo hiyo. Zamu yao ilipofika Nangila akakivua kichwa chake, kama mtu avuavyo kofia kanisani, akakiweka kwenye mizani.

"Kilo kumi na nne," karani akasoma.

Wekoye aligeuka kuona kama foleni imesikia. Chake kilikuwa na kilo sita alipokileta hapa ujanani. Cha mwanawe Sifuna, tisa. Hesabu hiyo, kwao Sirisia, watu wote waliijua, matangani na harusini, na kila mara mzee alianza na zile sita zake, kana kwamba ndizo zilizozaa zile nyingine.

Karani akachomeka kipima unyevu sikioni mwa Nangila. "Asilimia ishirini na mbili. Tunataka kumi na tatu na nusu. Hiki kitaoza, dada. Rudi ukianike."

"Lakini nina digrii ya kilimo, bana," kichwa kikasema pale mizanini.

"Si ndiyo maana."

Nyuma yao alikuwa Wakoli, mtoto wa meneja. Kilo moja na robo. Karani alikitikisa kichwa cha kijana huyo, kikalia kama kibuyu cha mbegu. "Kikavu! Hiki kinakaa miaka hamsini bila mdudu." Wakoli akapewa ufunguo wa stoo, uleule aliopewa babu yake.

"Mikono yako lakini imekauka vizuri," karani akamwambia Nangila, akimpa fagio. "Anza kesho."

Wekoye, enzi zake, walimsifu mabega, akabeba magunia miaka thelathini na minne akingoja kichwa kikauke. Sifuna anabeba bado. Kichwa amekiacha nyumbani kwenye turubai.

"Kuka, si ulisema ati ni msimu mmoja tu?" Nangila akamuuliza babu yake njiani, kichwa kikiwa kwapani.

"Nilisema. Changu nacho kilikuwa na maji."

Nyumbani Sirisia, Rispah, mke wa mzee, alikuwa ameanika mahindi. Wekoye akakivua chake, akakilaza kando ya cha Sifuna, cha mjukuu kikapata nafasi katikati, mbali na kuku. Rispah akavigeuza vyote kwa reki.

Saa tisa wingu likashuka kutoka Mlima Elgon. Rispah akakimbilia mahindi kwanza, maana mahindi yana bei. Vichwa vitatu vikabaki vikinyeshewa, vikakubaliana kwamba mama huyo ana akili sana.