Thina Ndani ya Robota la Vitenge

Severa alikuwa amepagawa na simu yake tangu asubuhi. Si mapenzi, jamani, wala si umbea. Ni kidoti cha kijani kilichokuwa kikitambaa juu ya Ziwa Tanganyika. Kidoti hicho ndiyo meli iliyobeba mizigo ya mtaa wao wa Kariakoo kutoka Kigoma kwenda Bujumbura. Kwa mara ya kwanza taarifa ya mzigo ilitumwa kwa mtandao, na aliyeituma ni yeye, Severa muuza vitenge! Siku hizi meli haijatia hata nanga, bandari ya upande wa pili wameshajua tumboni mna nini.

"Njooni mwone mambo!" aliwaita wateja. "Humo yumo mdogo wangu Gaudens, fundi wa injini. Mwoneni anavyokata maji!"

Akapita Zahoro, muuza rangi wa duka la pili, kikombe cha kahawa mkononi. Akachungulia, akacheka.

"Severa, basi na thina yangu ya kuchanganyia rangi jioni itakuwa imefika."

"Thina gani?"

"Si yale madumu niliyochomeka kwenye robota lako? Si ulisema chomeka tu?"

Alisema, ndiyo. Ndiyo Kariakoo hiyo: jirani ana kifurushi, unamwachia akichomeke kwenye robota lako, na huulizi kina nini, maana ukiuliza utaonekana unamshuku. Lakini ile taarifa iliuliza kama kuna kitu cha kushika moto, na Severa, kwa mbwembwe zake zote, alibonyeza "Hakuna". Tena aliomba robota lake liwekwe pakavu, vitenge visilowe, likaegemezwa ukuta wa chumba cha injini. Penye joto.

Gaudens! Akampigia: hapatikani. Ila taarifa ikirekebishwa, meli inaipata kwa setilaiti, nahodha na bandari wanaisoma kwa pamoja.

"Usirekebishe," Zahoro akanong'ona. "Watakufungia mtandao, mtaa mzima turudi kupanga foleni kwa mawakala wa mizigo. Omba Mungu tu, itafika."

"Nimwombe Mungu huku simu iko mkononi? Una wazimu wewe!"

Akaandika: thina ya rangi, robota lenye alama nyekundu, liko karibu na injini, liondolewe haraka. Akatuma. Kisha akatoka kibarazani akapaza sauti mpaka wapita njia wakasimama.

"Jamani! Aliyechomeka kitu kwenye mzigo wa meli aseme sasa hivi! Ndugu yangu yumo humo!"

Bakili wa vyombo akanyoosha mkono kama yuko darasani.

"Mimi viberiti. Nilijaza kwenye masufuria."

"Mimi dawa ya kufutia rangi ya kucha," akasema Klara wa vipodozi.

"Mimi vimitungi vya gesi," akasema Hamis.

"Gesi, Hamis? Gesi?"

"Nafasi ilikuwepo, dada."

Severa akaandika yote huku akiwashushua mmoja mmoja, akatuma tena. Kidoti kikasimama katikati ya ziwa, tuli. Watu wakabanana juu ya simu. Klara akaanza kulia. Kahawa ya Zahoro ilikuwa imemwagikia kanzu yake na wala hana habari.

Jibu kutoka melini likaingia. Severa akalisoma kwa sauti, akikwamakwama:

"Robota limetolewa. Dumu moja lilikuwa limeshavimba na linavuja. Vingine vyote vimepatikana, viko juu sitahani. Tunaendelea na safari. Aliyetuma taarifa amefungiwa kuanzia sasa."

Vigelegele vikalipuka, Zahoro akamkumbatia Bakili. Severa akawanyamazisha kwa mkono, maana chini palikuwa na mstari mwingine.

"Dada, nililala nimeegemea hilo robota. Wewe ndiye uliyeniamsha. Gaudens."

Palepale ukurasa ukafungwa na kidoti kikatoweka. Severa akakaa kwenye ngazi ya duka lake, akacheka na kulia kwa mpigo mmoja.