Waigizaji Kumi wa Kwanza

Mimi ni mwanamke wa hasira, na watu wa hasira tunapenda majibu mafupi. Ndiyo maana kazi ya kompyuta ilinifaa. Unaiuliza, inajibu, haikuzungushi. Baba yangu ni kinyume kabisa. Ukimuuliza ni saa ngapi, ataanza na siku aliyoinunua saa.

Kisa chake kikubwa kilikuwa cha filamu. Kabla hajaoa alikuwa fundi umeme, akaitwa kufunga taa kwenye kituo cha reli ambako filamu ilikuwa ikipigwa. Asubuhi hiyo mwigizaji wa kuwa mlinzi wa lango akashikwa na tumbo. Mwongozaji akaangaza huku na huku, akamwona baba juu ya ngazi, akamwambia ashuke. Wakamvika kofia na koti, akafungua lango, akamwambia bibi mmoja mwenye sanduku apite upesi, treni bado ipo. Basi, hiyo ndiyo filamu nzima ya baba. Sisi watoto tuliisikia kwenye kila harusi, kila msiba, na kila umeme ulipokatika.

Kaka yangu mkubwa hakuwahi kumwamini. Nakala ya filamu hiyo haipo popote, na baba hakupigwa picha hata moja. Kaka alikuwa akisema mzee anatia chumvi mpaka mboga hailiki. Mama ndiye aliyekuwa akimtetea, na mama alipofariki, kisa kikabaki bila wakili.

Mwaka jana daktari alituambia kumbukumbu za baba zimeanza kupungua. Dawa za kurudisha hakuna. Alitushauri tumwache aongee, tena tumchokoze aongee, kwa sababu yale anayoyasimulia mara kwa mara ndiyo yatakayokawia kuondoka. Kaka, ambaye baba anaishi kwake, aliitikia kwa kichwa. Na mimi pia niliitikia.

Wakati huo ofisini kwetu tulikuwa tunatengeneza tovuti ya filamu za zamani. Habari zenyewe hatukuziandika sisi, tulizichota kwenye hifadhidata moja kubwa ya filamu. Unatuma ombi: nipe filamu fulani na waigizaji wake. Mwishoni mwa ombi unaweza kuongeza vigezo, yaani masharti ya namna unavyotaka jibu lije. Maelezo ya vigezo hivyo yaliandikwa na mtu mvivu. Kimoja kiliitwa "kina", na maelezo yake yote yalikuwa haya: namba nzima, si lazima. Si lazima, basi nikakiacha.

Baba alipopata habari za kazi hiyo, aliningoja Jumapili, baada ya chakula. Aliniomba nimtafute kwenye mashine yangu. Aliomba kwa sauti ya chini, lakini kaka alisikia, akasogeza kiti. Nikafungua kompyuta palepale mezani kati ya sahani. Filamu ikapatikana, na baba akatabasamu kabla hata sijamaliza. Nikatuma ombi la waigizaji. Yakaja majina kumi. Nikayasoma mara mbili.

"Baba, humo," nikasema.

Kaka akacheka. Hakucheka kwa ubaya, lakini alicheka. Baba akauliza kama mashine inaweza kukosea. Hapo ningeweza kusema lolote. Ningeweza kusema sijui, maana kweli nilikuwa sijui. Nikamwambia mashine haina sababu ya kumdanganya mtu. Nililisema kwa majivuno ya mtu aliyesoma, na ninaona haya kuliandika.

"Haya," alisema baba, akabeba sahani yake kuipeleka jikoni.

Tangu siku ile hakukisimulia tena. Katika harusi ya jirani mtu mmoja alimchokoza aeleze habari za filamu, akajibu kwamba ni mambo ya zamani, hayakumbuki vizuri. Mungu anisamehe, nilishusha pumzi. Nilifikiri ametupunguzia aibu.

Ilipita miezi saba. Ndipo mteja mmoja akatuandikia malalamiko: kwa nini kila filamu kwenye tovuti yetu ina waigizaji kumi kamili? Mwenzangu wa meza ya pili, tunayemwita Miwani, alifungua filamu ya vita na kucheka hadi akavua hiyo miwani. Majeshi mawili, watu kumi, akasema, na mmoja ni mpishi. Mimi sikucheka. Niliwaandikia wenye hifadhidata, wakanijibu nisome maelezo ya matumizi. Nikawatukana kimoyomoyo, nikachukua daftari.

Maelezo yasipokuwepo, njia ni moja tu. Unabadilisha kitu kimoja, mengine unayaacha vilevile, unaandika kilichotokea. Nilihitaji filamu ambayo jibu lake nalijua tayari, na niliyoijua kwa moyo ilikuwa moja. Bila kina: majina kumi. Kina namba moja: kumi yaleyale. Kina namba mbili: ishirini na tano. Nikaandika, nikaendelea. Kina namba tatu: arobaini na moja.

Wa thelathini na moja alikuwa mlinzi wa lango. Mbele yake lilikuwa jina la baba yangu, lote, hadi la babu.

Miwani aliponiuliza nina nini, nilimgeuzia kioo cha kompyuta. Akatazama daftari, akaelewa kabla yangu. Alisema usipotaja kina, wao wanaamua unawataka wakubwa tu. Ndivyo ilivyokuwa. Baba aliniomba nimtafute, mimi nikauliza nyota wa filamu ni nani, nikamletea jibu la swali langu badala ya lake. Hasira zote nilizowahi kuwa nazo kwa watu wavivu zikanigeukia.

Nilichapisha orodha, nikaomba ruhusa, nikaenda kwa kaka mchana huohuo. Kaka aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Alirudia mstari mmoja kwa kidole, akaketi, akashika tama. Alisema nimpelekee mwenyewe, yeye hana uso.

Baba alikuwa chumbani kwake anakunja nguo. Nilimpa karatasi na kumwonyesha mstari. Aliisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Hili ni jina langu," alisema.

"Ni wewe, baba. Ulikuwemo. Mimi ndiye sikuuliza vizuri."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema watu hufanana majina. Kisha, kwa upole, kama anayetaka kuniondolea mzigo, akaniambia nisijisumbue.

"Nilikuwa nawadanganya, mwanangu. Mlikuwa wadogo, mlikuwa mnafurahi. Wewe ulitafuta, ukanikosa. Nikakaa nikafikiri, nikaona kweli, sikuwepo."

Nikaanza kumsimulia mimi. Nilimweleza kituo cha reli, ngazi, taa, mwigizaji aliyeugua, kofia na koti. Sikuacha kitu, hata vile vichekesho vyake nilivitia mahali pake. Alinisikiliza kwa adabu, mikono juu ya magoti, namna mtu anavyosikiliza habari za mgeni. Nilipomaliza alisema huyo kijana alikuwa na bahati.

Hapo nikashindwa kujizuia. Aliniona ninalia, akahangaika, akaweka karatasi kitandani na kunishika mkono. Alinitazama, akitafuta la kunituliza.

"Usilie, mama," alisema. "Kama itakufurahisha, nitasema nilikuwepo."