Sauti ya Kipaza

"Shemeji, ulimzika mara moja. Mbona unamfukua kila siku saa nne asubuhi?"

Aliyeuliza ni mshonaji, mjane wa ghorofa ya pili, amesimama mlangoni kwa Vidole na mkasi wa vitambaa mkononi. Mimi nilikuwa nimefika ngazi za juu huku nimebana kitana kwa meno. Chini saluni nilimwacha mteja kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kichaka. Nisilaumiwe. Kuta za jengo letu ni kama karatasi. Mtu akipiga chafya chumba cha mwisho, wa chumba cha kwanza anamwombea afya. Na ugomvi ukiusubiri ukufuate, unakufikia umepoa.

Vidole hakutoka nyuma ya meza yake. Hedifoni zilikuwa shingoni, mashine zake mbili za santuri kushoto na kulia, na miksa ya kuchanganyia sauti katikati. Alisema santuri ile yenye sauti ya marehemu alipewa na marehemu mwenyewe, mkono kwa mkono. Jumamosi kuna mashindano ya maDJ, ana dakika sita tu jukwaani, na bila sauti ile hana cha kwenda nacho. Mshonaji akamuuliza ni ndugu gani anayemkatakata ndugu yake vipande. Fundi saa wa chumba cha kona akachungulia kutoa hukumu: yeye haoni ubaya, mradi wasigongane na taarifa ya habari. Kisha akarudi ndani.

Anayegombewa alikuwa Kipaza, mume wa mshonaji. Kwa miaka kumi na moja yeye na Vidole walikuwa kama kobe na gamba lake. Vidole akipiga muziki, Kipaza akishika maiki, harusi inachangamka mpaka mabibi wanasahau magoti yao. Kisha koo likaanza kumwuma. Tukasema ni baridi, tukasema ni kelele za kazi, tukasema kila kitu isipokuwa kile ambacho daktari alikuja kukisema. Wiki moja kabla ya upasuaji, Vidole alimpeleka kwa fundi mmoja mwenye mashine ya kuchonga santuri. Ikachongwa moja tu, kwenye sahani laini, Kipaza akicheka na kutania na kuwaita watu ukumbini. Mwisho kabisa akamsemesha binti yake aliyekuwa na miaka miwili: "Kipusa wa baba, simama nikuone."

Baada ya upasuaji hakusema tena. Miezi minane aliandika kwenye daftari, kisha akafa. Simu yake yenye video zote iliibiwa wodini. Tulizunguka kwa watu kuomba kanda za harusi zao, tukapata mbili, na kwenye zote mbili ni vigelegele na spika zinazokoroma. Yeye anasikika kama mtu aliye chini ya maji. Kwa hiyo sauti ya Kipaza duniani ilibaki kwenye ile sahani pekee, chumbani kwa Vidole, na hakuna aliyekumbuka kuinakili. Binti sasa ana miaka minne. Baba anayemkumbuka ni wa kalamu na daftari. Kila asubuhi alikuwa akibandika sikio ukutani, anamwuliza mama yake yule mjomba wa upande wa pili anamwita nani.

"Mimi sitaki ugomvi," mshonaji akasema, na mkasi ukashuka. "Nataka mtoto amsikie baba yake akisema neno zima. Mara moja tu, mpaka mwisho."

Hapo ndipo mdomo wangu ulipojitia kati. Najijua, penye watu wawili mimi ni wa tatu. Nikasema jamani, hili dogo. Vidole aitumie mpaka Jumamosi, ikiisha ampe mjane sahani yake, iwe ya mtoto maisha. Vidole akaitika. Mshonaji akaniuliza kama nachukua dhamana. Nikasema nachukua. Nikashuka ngazi nimevimba kichwa, nikamsimulia mteja wangu mambo yote tangu mwanzo, na msuko wake ukaenda upande.

Jumanne nilipanda kumwona Vidole akifanya mazoezi. Mtu asiyemwona akiwa kazini atadhani kukwaruza santuri ni kelele za panya kwenye bati. Mkono wa kushoto unaivuta sahani nyuma na kuisukuma mbele chini ya sindano. Wa kulia unafungua na kufunga sauti kwa swichi ndogo ya kuteleza, haraka kuliko kope. Neno moja linakuwa ngoma. Si-si-sima-sima, si-ma-si-ma-ma. Alikuwa amebandika kipande cha utepe mwekundu katikati ya sahani, ukielekea juu ajue neno linaanzia hapo, asilitafute kwa macho mengi. Na juu ya kichwa cha sindano niliona nati, nati ya kawaida ya baiskeli, imebanwa kwa gundi. Nikamwuliza hiyo ya nini. Akasema akivuta kwa kasi sindano inaruka, nati inaikalisha. Mimi nikaona ni ujanja tu. Hata nywele kaidi tunazibana pini.

Jumamosi alasiri tulijaa ukumbini, jengo zima. Hata fundi saa alikuja, pamba masikioni. Mshonaji alikaa safu ya tatu na binti mapajani, mimi pembeni yake, wote tumevaa kama tunaenda kuposa. Walitangulia vijana watatu na kompyuta zao. Walikuwa wazuri, siwasingizii, lakini ulikuwa uzuri wa chuma.

Vidole akapanda na shati lake la kazini, mikono imekunjwa. Alianza polepole. Wimbo mmoja unaenda kwenye spika, wa pili anausikiliza peke yake kwa sikio moja, anausukuma kwa ncha ya kidole mpaka mapigo ya nyimbo mbili yanakanyaga pamoja, kisha anafungua, na huwezi kujua mmoja umeishia wapi na mwingine umezaliwa wapi. Akachukua santuri mbili za ngoma ileile, moja kila upande, akawa anairudisha hii huku ile inapiga, anaacha pigo moja moja, mpaka ngoma ya mtu mmoja ikawa ya watu sita. Akakwaruza kwa kiwiko. Akageuka, akakwaruza mikono ikiwa mgongoni, anatutazama sisi usoni kama mtu anayesubiri basi. Waamuzi waliweka kalamu chini.

Ndipo akaitoa sahani ya Kipaza.

"Simama," Kipaza akasema, na ukumbi ukasimama. Watu mia tatu, bila kuombwa mara ya pili. Akamvuta nyuma, akamrudisha, akamkata mara nne, mara nane, na kila Kipaza alipotoka kwenye spika watu walipiga kelele kama vile wamemwona akiingia. Binti alisimama juu ya mapaja ya mama yake. Mshonaji alikuwa analia huku anacheka, ameushika mkono wangu mpaka pete ikaniumiza. Tulijua kinachofuata. Vidole alikuwa ameahidi kwamba mwisho atazima muziki wote, atainua mikono yake miwili hewani, na ataliacha lile neno lipite zima.

Akazima. Akainua mikono.

Ukasikika upepo. Shhhh, mkavu, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati. Ndani yake kitu mfano wa pumzi ya mtu anayetaka kusema, kisha upepo tena, mpaka sindano ikafika ukingo wa ndani na kugota.

Watu walidhani ndiyo ufundi wenyewe. Walipiga makofi mpaka vumbi likashuka darini. Mwamuzi mkuu alisema kwamba katika miaka yake yote hajaona DJ mwenye moyo wa kumaliza kwa kimya kama kile, na Vidole akapewa kikombe. Alikipokea kwa mkono mmoja. Mwingine ulikuwa bado juu ya sahani, na hakutazama safu ya tatu hata mara moja. Mshonaji aliuachia mkono wangu.

Jumapili karibu saa saba mchana Vidole akatoka chumbani kwake na mashine moja ya santuri kwapani na sahani kwenye bahasha yake. Aligonga mlango wa mshonaji. Nilimfuata. Safari hii sikufuata umbea. Mimi ndiye niliyechukua dhamana.

Hakusogea zaidi ya kizingiti. Aliweka mashine chini palepale, akaiunganisha na redio ya mjane, akacheza sahani yote. Vicheko vya mwanzo vilikuwa vimebaki mabaki mabaki. Penye utepe mwekundu palikuwa na upepo tu. Alirudia mara tatu, kana kwamba mara ya tatu ingemhurumia, halafu akainua sindano.

Akaeleza akitazama sakafu. Sahani laini haivumilii kukwaruzwa kama ya dukani. Kila ukivuta, sindano inakula mfereji. Alilijua hilo. Akabandika nati, na uzito ukala mara dufu. Hilo nalo alilijua. "Ijumaa nilisikia inafifia," akasema. "Nikaongeza sauti kwenye miksa. Nikajiambia itafika kesho. Shemeji, nilihesabu vibaya."

Mshonaji alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, mguu kwenye kanyagio, hakanyagi. Nami, mwenye dhamana, nikabaki nimesimama wima pembeni ya mlango.

Binti ndiye aliyekuja mlangoni. Akamwuliza Vidole yule mjomba alikuwa anasemaje pale mwisho.

Vidole akachuchumaa. Miaka kumi na moja alisimama ubavuni mwa Kipaza. Anayajua maneno yake, anajua anapovuta pumzi na anapobana cheko. Akajaribu, kwa sauti nene ya kuigiza. Alipofika kwenye "simama" akakosea, akaanza upya.

"Huyo ni wewe," binti akasema.

"Ni mimi," Vidole akasema. "Yeye alikuwa na sauti nzuri."

Akaanza kuzikunja nyaya. Niliona mikono ile, iliyosimamisha watu mia tatu, ikishindwa kufunga fundo. Mshonaji aliinuka, akaingia jikoni, tukasikia mfuniko wa sufuria. Alirudi na sahani nne za bati na kuziweka mkekani, moja moja.

"Alikuwa akisema mengi, si hilo tu," akasema. "Huyu mtoto hayajui hata moja, na mimi mengine sikuwepo. Utakuja kila Jumapili umwambie, mpaka yaishe."

Vidole bado amechuchumaa kizingitini.

"Vua viatu, shemeji. Na wewe msusi, acha kusimama kama askari. Ingieni tule."