Masale Ndani ya Mashine

Habari hii nilipewa na wifi yangu Avelina, mwaka tulipomwoza binti yetu Martha, tukiwa tumekaa nyuma ya jiko tunamenya ndizi za arusi. Mwenyewe alikuwapo yalipotokea. Naiandika kama alivyoisema, ila pale alipoangua kicheko mimi nimeruka.

Miaka ile ya nyumba kumikumi, ushirika mmoja wa kahawa hapo Moshi mjini ulipata kompyuta. Ilikuwa kubwa kama kabati la nguo la mkwe tajiri, ikakaa katika chumba cha nyuma kisichopigwa jua. Aliyekabidhiwa ni Digna, binti wa Old Moshi, aliyekwenda kuisomea Dar es Salaam. Avelina alikuwa mtoboa kadi wake. Kwao mlimani hakuna aliyesema kompyuta. Walisema kabati la Digna.

Mwaka huo ugonjwa wa chulebuni uliingia mashambani kwa nguvu. Kahawa ilioza ingali mbichi mtini, ikawa nyeusi kama iliyounguzwa. Dawa ilikuwa imefika ghalani, lakini haikutosha kugawiwa ovyo. Kila mkulima alitakiwa apate kwa kadiri ya miti yake. Digna alipanda mwenyewe kwenye mikutano ya kwao, akawaomba wazee wakubali mibuni ihesabiwe, akaahidi kwamba mashine itatoa orodha isiyompendelea mtu. Wakakubali kwa shingo upande. Mkuu wa ofisi, Ndugu Sirili, naye akamweleza wazi: orodha isipopatikana Ijumaa, dawa itagawiwa kwa kukisia kama zamani, na kabati litapelekwa Arusha kwa watu wanaoliweza. Digna angebaki na cheti chake na aibu yake.

Sasa, mashine ile haikuelewa maneno ya mdomo. Maagizo yake yalitobolewa matundu kwenye kadi ngumu, kadi juu ya kadi. Mengine Digna aliyatunga mwenyewe. Yale ya kusoma, yaani ya kuchukua msururu wa kadi za wakulima na kuukata, huyu anaishia hapa, huyu anaanzia hapa, hayo yalitungwa Dar na kuletwa katika sanduku, ili kila ofisi iyaunganishe na ya kwake bila kuhangaika upya.

Kuungana ndiko kulikoshindikana. Digna alilisha kadi, mashine ikanguruma, ikakwama, ikatapika karatasi ya makosa. Akafikiri ni yeye. Akapitia maagizo yake kadi mojamoja, hakuona kitu. Akalisha tena, safari hii makosa yakawa mengine kabisa. Hapo akaacha kujilaumu. Alimwambia Avelina kwamba kosa lake yeye lingekaa palepale alipoliacha, lakini hili linahama. Akafungua sanduku la Dar, akapitisha kidole ukingoni mwa kadi. Zilikuwa zimevimba. Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu unashuka hadi mjini, na kadi zile za watu wa joto zilikuwa zimekunywa unyevu wa mlima mpaka zikashikana mbilimbili, zikipita mashineni kama moja.

Kuagiza sanduku jingine kungechukua muda mpaka kahawa iishe. Lakini Digna alikuwa mtoto wa kahawa, na uani mwa ushirika kulikuwa na vichanja vya waya vya kuanikia buni. Alipiga mstari wa kalamu kimshazari juu ya bunda lote, toka kona hadi kona, ili kila kadi ibebe alama ya mahali pake. Kisha yeye na Avelina wakazianika safu kwa safu, wakaziwekea vijiwe, wakawa wanazigeuza, na jua lilipozidi wakazifunika kwa magunia zisijikunje. Wanawake wa kuchambua kahawa waliokaa pembeni hawakuwaacha hivihivi. Mmoja, Mektrida, aliuliza kama zitakobolewa au zitauzwa na maganda yake.

"Zitakobolewa, mama," Digna akajibu. "Subiri unuse zikikaangwa."

Alasiri wakazipanga upya mpaka ule mstari ukanyooka tena. Mashine ikazimeza zote bila kukwama, na karatasi iliyotoka haikuwa na kosa. Avelina alicheza palepale katikati ya chumba.

Furaha hiyo ilidumu mpaka asubuhi. Zilipolishwa kadi za wakulima wa Old Moshi, mashine ilifanya kazi kwa utulivu mkubwa, ikatoa orodha ya uongo. Hakuna mbuni uliopotea. Miti ilitimia yote, ila wenye miti walikuwa wachache kuliko waliohesabiwa. Digna akapiga simu Dar. Wakamhakikishia kwamba huko kwao maagizo hayo hayajawahi kumpoteza mtu.

Alhamisi akaichukua karatasi, akapanda gari la Old Moshi, akamalizia kwa miguu hadi kwa jirani yao, Mzee Eliezeri Mshiu. Alimkuta shambani pamoja na mjukuu wake, kijana mwenye mke na kihamba chake mwenyewe, yaani shamba la urithi wa ukoo, wakikata majani ya ng'ombe kila mtu upande wake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Kabati halijambo?"

Akamsomea. Mzee aliposikia amepewa dawa ya miti mingi mno, akatabasamu. Mjukuu akauliza yeye kaandikiwa nini. Digna akatafuta juu, akatafuta chini.

"Dada Digna," kijana akasema, "kabati lako limeniua, na mke wangu hata hajalia."

"Hujafa," babu akamwambia. "Umo ndani yangu. Jina letu moja, ukoo mmoja. Hata kanisani akiitwa Eliezeri Mshiu tunasimama wawili."

Kila mtu mlimani anajua kwamba mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na mara nyingi hukatiwa kihamba ubavuni mwa babu huyo. Digna alilijua hilo tangu anatambaa. Ndiyo sababu halikumpitia kichwani. Lakini maagizo ya Dar yalisema: jina likibadilika, ameanza mtu mwingine, jina likiwa lilelile, endelea, bado ni yeye. Kadi za babu zilifuatwa na kadi za mjukuu, na mashine ikaendelea. Ilikuwa imewameza wajukuu wa Old Moshi nyumba kwa nyumba.

"Sasa babu," akauliza polepole, "ninyi mnajuaje shamba la nani linaishia wapi?"

Mzee alimtazama kwa huruma, akaelekeza panga kwenye mstari wa masale uliosimama kati yake na mjukuu wake, majani mabichi, yaliyopandwa siku kihamba kilipogawanywa.

"Jina hatukulipanda," akasema. "Tulipanda masale."

Digna aliteremka mlima karibu kwa kukimbia. Ofisini kulikuwa na kadi za kijani zisizo na kazi. Akamwomba Avelina achukue karatasi za mabalozi wa nyumba kumi waliohesabu mibuni, zilizokuja zimefungwa nyumba kwa nyumba, na kila nyumba inapoishia aweke kadi ya kijani yenye tundu lisilofanana na mengine. Yeye akaketi na sanduku la Dar, akayatafuta maagizo ya jina, akayatoa, akatia yake: usitazame jina, ukikuta sale, simama, mwingine anaanza.

Ijumaa asubuhi Sirili alifika na lori la kubebea mashine, likasimama nje linanguruma. Alipoona bunda la kadi lenye milia ya kijani, akauliza mapambo hayo ni ya nini.

"Ni masale, Ndugu Sirili. Nimeikatia mashine kihamba."

Akalisha. Karatasi ikaanza kushuka. Avelina akaisoma kwa sauti: Eliezeri Mshiu na miti yake, kisha Eliezeri Mshiu na miti yake, na kuendelea hivyo, babu na mjukuu, babu na mjukuu, mpaka watu wote wakatimia. Sirili aliilinganisha na karatasi za mabalozi, akatoka nje. Digna alimsikia akimwambia dereva asizime injini: aende ghalani, akapakie dawa.

Jumamosi dawa ikagawiwa Old Moshi. Alipoitwa Eliezeri Mshiu walisimama wawili kama kawaida, na kila mmoja akaondoka na mzigo wake. Mzee alirudi na jani la sale, maana ndilo tunaloombea radhi huku kwetu, akamkabidhi Digna mbele ya watu. Alisema ni la kabati, kwa yote waliyolisema.

Mama yake Digna alikuwa amepika mtori. Wakala mchana ule wote pamoja, mzee akasinzia kitini na bakuli mkononi, mjukuu akajinyoosha kwenye majani, Avelina akalala akiwa bado anacheka. Digna alibaki kidogo akisikiliza mabomba yakipuliza dawa mashambani, huku na huku, kila mtu upande wake wa masale. Kisha akajilaza kwenye mkeka, jani lake kifuani, akalala.